Nira, Kamba na Mpandaji: Tathmini ya Mafundisho ya Kibuddha juu ya Pingu Kumi na Ngazi Nne za Kuamka

Utangulizi

Kwa miaka mingi sisi tunaofundisha somo la dini za ulimwengu katika vyuo vya teolojia tumeuaga Ubuddha kwa sentensi moja: ni dini ambayo mwanadamu hujiokoa mwenyewe kwa matendo yake. Sentensi hii ni fupi, ni rahisi kukaririwa, na kwa mwalimu ni rahisi kusahihishwa. Hatuna budi kukiri kwamba sisi wenyewe tumewapa wanafunzi alama zote kwa kuiandika katika mtihani. Lakini je, ni ya kweli?

Swali hili si la udadisi tu. Katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, Luther anapoieleza amri ya nane hatosheki na kukataza uongo juu ya jirani. Anatudai pia tumtetee jirani, tumnene vema, na kuyapokea mambo yake kwa upande ulio mzuri. Hatuoni sababu ya kudhani kwamba jirani wa dini nyingine ametengwa na amri hiyo. Wala jirani Mbuddha hayuko mbali nasi kama tunavyodhani: Wasinhala waliotoka kisiwa cha Sri Lanka walijenga hekalu lao Upanga, Dar es Salaam, na limekuwapo hapo kwa vizazi kadhaa. Anayepita mbele ya hekalu hilo huku akijua sentensi moja tu juu ya wanaoabudu ndani yake, na sentensi yenyewe ikawa si kweli, anamshuhudia jirani uongo hata kama hajafungua kinywa.

Wako waliotaka kumtendea Mbuddha haki kwa njia ya mkato. Karl Barth, katika maandishi yake ya mwaka 1938, aliitazama kwa makini shule ya Ardhi Safi ya Japani, hasa mafundisho ya Shinran (1173-1263), akakiri kwamba humo mna mfano wa dini ya neema unaokaribiana sana na Matengenezo ya karne ya 16, na kwamba kinachotenganisha hatimaye ni jina la Yesu Kristo. Tangu hapo baadhi yetu tumezoea kutafuta neema kwa Shinran, na kuwaachia Wabuddha wa Theravada, yaani wale wa Sri Lanka, Myanmar na Thailand, ile sentensi ya matendo.

Makala haya yanakwenda njia nyingine. Tunalichukua fundisho moja la Theravada ambalo, kama sentensi yetu ni ya kweli, lingepasa kuithibitisha kuliko yote: fundisho la pingu kumi zinazomfunga mtu na ngazi nne za kuamka kutoka katika pingu hizo. Hoja yetu ni kwamba sentensi ya zamani haisimami. Hata hivyo tofauti kati ya Buddha na Injili haifutiki kwa hiyo, bali inahamia mahali pengine penye kina zaidi. Haimo katika swali la nani atendaye kazi; imo katika swali la nani aliyetufunga.

1. Neno lenyewe

Neno tunalolitafsiri "pingu" ni samyojana, katika lugha ya Kipali ambayo maandiko ya Theravada yamehifadhiwa kwayo. Tafsiri hii inahitaji tahadhari. Kwetu sisi pingu hutiwa na askari. Mnyororo na kongwa hutukumbusha misafara ya watumwa iliyoteremka mpaka Bagamoyo katika karne ya 19: palikuwa na mtekaji, palikuwa na mtekwa, na mtekwa alijua uso wa aliyemfunga. Neno la Kipali halina askari wala mtekaji. Mzizi wake ni yuj, maana yake kuunganisha kwa nira, na mzizi huo huo ndio uliozaa neno yoga.

Maana hiyo inaelezwa vizuri katika mazungumzo ya wanafunzi wawili wakuu wa Buddha. Kotthita anamwuliza Sariputta: je, jicho ndilo pingu ya vitu vinavyoonekana, au vitu vinavyoonekana ndivyo pingu ya jicho? Sariputta anajibu kwa mfano wa maksai wawili, mmoja mweusi na mmoja mweupe, waliofungwa pamoja kwa kamba moja. Mtu akisema kwamba mweusi ndiye pingu ya mweupe, au mweupe ndiye pingu ya mweusi, amekosea. Kilichowafunga ni ile kamba. Vivyo hivyo jicho halina hatia, na kitu kinachoonekana hakina hatia. Pingu ni tamaa inayozuka pale viwili hivyo vinapokutana.

Tuuweke mfano huu akilini, maana tutaurudia. Kwa sasa tuone jambo moja tu: mwili haulaumiwi, wala ulimwengu haulaumiwi. Wale wanaosema kwamba Buddha aliuchukia mwili kama walivyouchukia Wagnosti hawajausoma mfano wa maksai.

2. Orodha na ngazi

Pingu zimegawanyika katika mafungu mawili. Tano za chini humfunga mtu katika ulimwengu wa tamaa za kawaida. Ya kwanza ni kuamini kwamba kuna "mimi" wa kudumu ndani ya mafungu matano yanayomfanya mtu, yaani mwili, hisia, utambuzi, mielekeo ya nia na fahamu. Ya pili ni shaka juu ya Buddha, mafundisho yake na jumuiya yake. Ya tatu ni kushikilia kanuni na taratibu za ibada kana kwamba zenyewe zaweza kumtakasa mtu. Ya nne ni tamaa ya anasa za mwili. Ya tano ni chuki.

Pingu tano za juu ni za hila zaidi, nazo humkuta mtu aliyekwisha kusafiri mbali. Ya sita na ya saba ni tamaa ya kuendelea kuwapo katika hali tukufu zinazofikiwa kwa tafakari ya ndani, kwanza zile zenye umbo, kisha zile zisizo na umbo. Ya nane ni majivuno. Ya tisa ni kutotulia kwa moyo. Ya kumi, iliyo mama wa zote, ni ujinga, yaani kutoijua kweli ya mateso, chanzo chake, mwisho wake na njia ya kuufikia mwisho huo.

Ngazi nne hupimwa kwa pingu zilizokatika. Aliyeingia mkondoni amekata tatu za kwanza; hatazaliwa tena katika hali za chini, na safari yake haitazidi maisha mengine saba. Anayerudi mara moja hajakata pingu nyingine, lakini tamaa, chuki na upotovu vimelegea ndani yake, naye atarudi katika ulimwengu huu mara moja tu. Asiyerudi amezikata zote tano za chini. Arahanti amezikata zote kumi. Ameutua mzigo, na hazaliwi tena.

Tusidhani kwamba hatua ya kwanza ni ndogo kwa kuwa ni ya kwanza. Inasimuliwa kwamba Buddha aliokota vumbi kidogo kwa ukucha wake, akawauliza watawa kipi ni kingi, vumbi lililo juu ya ukucha au dunia hii kubwa. Walipojibu, aliwaambia kwamba mateso yaliyobaki kwa aliyeingia mkondoni ni kama lile vumbi la ukuchani, na yale yaliyokwisha ni kama dunia.

3. Kwa nini tatu hizi kwanza?

Msomaji Mlutheri akiitazama orodha hii kwa utulivu atashangazwa na utaratibu wake. Kama ingekuwa orodha ya dini ya matendo, tungetazamia tamaa na hasira zishindwe kwanza, na mambo ya ndani yafuate. Hapa ni kinyume. Aliyeingia mkondoni bado anaweza kuwa na mke au mume, bado anafanya biashara, bado anaweza kukasirika. Anathapindika, tajiri wa Savatthi, na Visakha, mama mwenye nyumba kubwa, wote wawili wanahesabiwa kuwa wameingia mkondoni. Kilichokatika kwao si tendo fulani baya, bali namna ya kuona. Mti umebadilika kabla matunda yote hayajabadilika.

Pingu ya tatu inatuhusu zaidi. Kukataa kwamba kanuni na ibada zaweza kumtakasa mtu kwa zenyewe ni jambo ambalo wasikiaji wa Waraka kwa Wagalatia wangedhani ni lao peke yao. Maandiko ya Kibuddha yanamtaja Punna, aliyeshika nadhiri ya kuishi kama ng'ombe, na mwenzake Seniya, aliyeishi kama mbwa, akila chakula kilichotupwa chini. Walipomwuliza Buddha watapata nini kwa nadhiri hizo, hakutaka kujibu. Waliposisitiza, aliwaambia kwamba anayejizoeza kikamilifu maisha ya mbwa huzaliwa tena miongoni mwa mbwa. Dini inayoweka imani katika matendo ya ibada ndani ya orodha ya pingu haiwezi kufungwa katika sentensi yetu.

Lakini tusikimbilie upande wa pili tukasema kwamba huyu ni Luther aliyevaa joho la rangi ya zafarani. Aliyeikata pingu ya tatu haziachi amri. Huzishika kwa uthabiti kuliko awali, ila hazifanyi kuwa ngazi ya kujivunia. Zaidi ya hayo, Luther alipoyakataa matendo alikuwa amesimama mbele ya kiti cha hukumu, akiuliza jinsi mwenye dhambi anavyohesabiwa haki mbele za Mungu. Katika orodha ya pingu hakuna kiti cha hukumu wala hakimu. Buddha hayakatai matendo ya ibada kwa sababu yanaiibia neema utukufu wake. Anayakataa kwa sababu hayaifikii kamba. Majibu mawili yanaweza kufanana pale maswali yanapokuwa mbalimbali, na mwalimu mwangalifu huanza kwa maswali.

4. Mtoto mchanga

Mahali ambapo tulishtuka zaidi ni katika hotuba ndefu aliyopewa Malunkyaputta. Buddha aliwauliza watawa kama wanazikumbuka pingu tano za chini. Malunkyaputta akazitaja zote bila kukosea. Tungetazamia apongezwe. Badala yake alikemewa. Buddha alimwambia kwamba walimu wa madhehebu mengine wangempinga kwa mfano wa mtoto mchanga aliyelala chali. Mtoto huyo hana hata wazo la "mimi". Basi pingu ya kwanza itatoka wapi kwake? Hajui mafundisho, atayatiliaje shaka? Na hata hivyo, Buddha alisema, mwelekeo wa kila moja ya pingu hizo umelala ndani yake.

Kosa la Malunkyaputta halikuwa katika kumbukumbu yake. Kosa lake lilikuwa kudhani kwamba pingu iko pale tu inapolia, yaani pale tu tendo au wazo linapojitokeza. Kwa maneno yetu, alizijua dhambi lakini hakuijua dhambi.

Mchungaji yeyote aliyewahi kubatiza watoto wachanga na kuulizwa na ndugu wa makanisa mengine, "Mtoto huyu ametenda nini?", atautambua ubishi huu mara moja. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika kifungu cha pili, linafundisha kwamba wanadamu wote waliozaliwa kwa njia ya kawaida huzaliwa na dhambi, na linawakataa wale wanaokana kwamba upungufu huo wa asili ni dhambi kweli. Miaka elfu mbili kabla ya ungamo hilo, huko India ya kaskazini, tayari palikuwa na mwalimu aliyekataa kumpima mwanadamu kwa matendo yake ya nje peke yake. Tunapohubiri Jumapili na kuorodhesha ulevi, uzinzi na uchawi kana kwamba hapo ndipo dhambi inapoanzia na kuishia, Malunkyaputta anakaa nasi mimbarani.

Hata hivyo kifungu cha pili kinasema jambo ambalo hotuba ile haisemi. Upungufu wa mtoto, kwa mujibu wa Ungamo, ni kwamba anazaliwa bila kumcha Mungu na bila kumtumaini. Ni upungufu wa uhusiano: kuna Mmoja aliyestahili kutumainiwa, naye hatumainiwi. Katika hotuba ya Malunkyaputta mwelekeo uliolala haumkosei mtu. Unaleta mateso, unafunga, unarithiwa kutoka maisha yaliyopita. Lakini hakuna aliyesalitiwa.

5. Mlevi wa Kapilavatthu na mgonjwa wa Kosambi

Fundisho hupimwa vizuri linapokutana na watu. Tuchukue wawili.

Sarakani alikuwa wa kabila la Wasakya, watu wa ukoo wa Buddha mwenyewe. Alipokufa, Buddha alitangaza kwamba Sarakani alikuwa ameingia mkondoni. Wasakya wengi walinung'unika. Walisema, kama huyu ameingia, nani basi atakayebaki nje? Walijua kwamba alikuwa dhaifu katika kushika mafundisho, na kwamba alikuwa akinywa pombe. Mahanama Msakya alipopeleka manung'uniko hayo, Buddha hakukana habari ya pombe. Alisema kwamba mtu huyo alikuwa amemkimbilia Buddha, mafundisho na jumuiya kwa muda mrefu. Kwamba hata miti mikubwa iliyokuwa mbele yao, kama ingeweza kupambanua maneno mema na mabaya, angeitangaza nayo kuwa imeingia mkondoni, sembuse Sarakani. Na kwamba Sarakani aliyapokea mafunzo saa ya kufa kwake.

Sauti ya Wasakya hao tunaifahamu. Ni sauti ya kaka mkubwa katika Luka 15, na ni sauti ya baraza la wazee linapojadili kama marehemu fulani azikwe na mchungaji au la. Sentensi yetu ya zamani ingetutazamisha Buddha awaunge mkono wanung'unikaji. Hakuwaunga mkono.

Wa pili ni Khemaka, mtawa aliyekuwa mgonjwa sana karibu na Kosambi. Wazee waliokaa mahali pengine walimtuma mtawa aitwaye Dasaka kwenda kumwuliza hali. Jibu lilikuwa kwamba maumivu yanazidi. Wakamtuma tena: je, katika mafungu matano, Khemaka anaona lolote kuwa ni "mimi" au "langu"? Akajibu kwamba haoni. Basi, wakasema, amekwisha kuwa arahanti. Khemaka akakana. Haoni chochote na kusema "hiki ndicho mimi", lakini lile neno "mimi niko" bado halijamtoka. Dasaka akatumwa tena na tena, hata mgonjwa akachoka na safari hizo za bure, akashika fimbo yake akaenda mwenyewe.

Alipofika aliwaeleza kwa mifano miwili. Harufu ya yungiyungi si ya petali peke yake, wala ya bua, wala ya chavua; ni ya ua zima, wala huwezi kuonyesha kwa kidole mahali inapokaa. Na nguo chafu iliyopelekwa kwa dobi, hata ikifuliwa ikatakata, hubaki na harufu ya vitu ilivyofuliwa navyo, mpaka itiwe katika sanduku lenye manukato. Ndivyo majivuno ya "mimi niko" yanavyobaki ndani ya mtu aliyezikata pingu tano za chini. Inasimuliwa kwamba mazungumzo hayo yalipokwisha, wazee wapatao sitini walifunguliwa kabisa, na Khemaka pamoja nao.

Tunaona katika habari hii uaminifu usio wa kawaida. Mgonjwa anapewa cheo cha juu kabisa na wakubwa wake, naye anakikataa kwa sababu si kweli. Tena kumbuka ni pingu ipi inayobaki. Tamaa ya mwili imekwisha, chuki imekwisha, majivuno bado. Na majivuno haya, kwa mujibu wa maandiko hayo, yana sura tatu: kusema "mimi ni bora kuliko wengine", kusema "mimi ni sawa nao", na kusema "mimi ni duni kwao". Sura ya tatu itupe fikira sisi wachungaji. Mara ngapi tumesimama mbele ya usharika tukajiita watumishi wasiofaa, tukilitumia neno la Luka 17:10, na moyoni tukasubiri mtu atupinge?

6. Kamba au mpandaji

Sasa tunaweza kutaja tofauti mahali pake. Mwaka 1525, katika kitabu chake juu ya utumwa wa utashi, Luther naye alitumia mfano wa mnyama. Utashi wa mwanadamu, alisema, ni kama mnyama wa kupandwa aliye kati ya wapandaji wawili. Mungu akimpanda, huenda atakako Mungu. Shetani akimpanda, huenda atakako Shetani. Wala si hiari ya mnyama kumchagua mpandaji. Wapandaji ndio wanaoshindana juu yake.

Tuweke mifano miwili pamoja. Maksai wa Sariputta wana kamba, hawana mpandaji. Mnyama wa Luther ana mpandaji. Kwa Buddha kifungo ni kamba isiyo na aliyeifunga, iliyosokotwa na ujinga na kutaka kwetu wenyewe. Kwa hiyo ukombozi ni kukata, na ujuzi ndio kisu. Kwa Luther kifungo ni bwana. Kwa hiyo ukombozi ni kubadilishiwa bwana, na hilo mnyama hawezi kujifanyia. Ndiyo maana kilio cha Warumi 7:24 kinauliza nani atakayetuokoa, wala hakiulizi kwa njia gani. Katika orodha ya pingu swali la "nani" halina mahali pa kukaa, kwa kuwa hakuna mtekaji, na pasipo mtekaji hahitajiki mkombozi. Buddha ni mwonyeshaji wa njia, naye hakudai kuwa zaidi ya hapo.

Mbuddha aweza kutujibu, na jibu lake si la kupuuzwa. Aweza kusema: "Nyinyi mmeiacha nira shingoni, mkabadilisha tu anayeishika. Je, kubadilishiwa bwana ndio uhuru?" Tusiharakishe kumkana, maana Maandiko yetu yanamkubalia nusu ya hoja. Paulo katika Wagalatia 5:1 anatuonya tusinaswe tena na nira ya utumwa. Lakini Bwana wetu mwenyewe, katika Mathayo 11:28-30, anawaita wenye kulemewa na mizigo, na alipokwisha kuwaahidi pumziko, anawapa nira. Arahanti ameutua mzigo na kuikata nira. Mkristo ameutua mzigo akapokea nira nyingine. Hilo si kosa la uandishi. Kwa Injili, mwanadamu asiyefungwa na yeyote si mwanadamu huru. Ni mwanadamu aliye peke yake. Luther aliandika mwaka 1520 kwamba Mkristo ni bwana wa vyote asiye chini ya mtu, na papo hapo ni mtumwa wa wote. Kuna kamba inayopasa kukatwa na kuna kamba inayopasa kufungwa, na ya pili inaitwa upendo.

Hapo ndipo tunapotofautiana pia na marehemu Lynn de Silva, mchungaji wa Kimethodisti wa Sri Lanka, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1975 kuhusu tatizo la nafsi katika Ubuddha na Ukristo aliyatumia mafundisho ya Buddha kutusaidia kuiacha imani ya Kiyunani ya roho isiyokufa kwa asili yake, na kumwona mtu kuwa ni mtu katika uhusiano, kwa Roho. Tunamshukuru kwa msaada huo. Lakini anavuka mto haraka mno. Khemaka aliposema kwamba hakuna "mimi", hakuwa akielekea kwenye ushirika na Mungu. Alikuwa akielekea kwenye kutulia kwa mwisho. Kumtumia kama daraja bila kumwuliza anakokwenda si kumtendea haki.

7. Uhakika unakaa wapi?

Jambo la mwisho ni la kichungaji. Aliyeingia mkondoni ana uhakika kwamba hataanguka katika hali za chini, na uhakika huo unasimama juu ya jambo lililotukia ndani yake. Kwa hiyo swali aulizwalo mgonjwa ni kama lile la Khemaka: unaona nini ndani yako? Nasi tukubali kwamba katika nyumba yetu wenyewe swali hilo limeingia. Tangu Uamsho wa Afrika Mashariki uliotokea Rwanda katika miaka ya 1930, ambao kwa mengi tunamshukuru Mungu, wamekuwapo wahubiri wanaopanga waumini kwa ngazi: aliyebatizwa tu, aliyeokoka, aliyejazwa Roho. Mgonjwa anayekufa anaulizwa yuko ngazi gani, naye anaanza kujichunguza kwa hofu, akitafuta moyoni ushahidi ambao homa imeuficha. Ubatizo tulipewa kwa ajili ya saa hiyo. Uhakika wetu uko nje yetu, katika ahadi iliyotamkwa na maji yaliyomwagwa, wala haupungui pale tunapopungua.

Lakini fundisho hilo la thamani tumelifanya mto wa kulalia. Tunasema kwamba mwamini ni mwenye haki na mwenye dhambi papo hapo, kisha tunalala. Mbuddha hutuuliza kwa adabu: katika mwaka uliopita, ni pingu ipi iliyolegea? Hatuwezi kumjibu kwa kunyamaza. Nadharia ya kwanza kati ya zile 95 za mwaka 1517 inaifanya toba kuwa kazi ya maisha yote, na Katekisimo Ndogo inamtaka Adamu wa kale azamishwe kila siku. Hatuna ngazi nne, tuna kila siku. Na asiye na kila siku asiwacheke wenye ngazi.

Hitimisho

Tumeona kwamba sentensi tuliyowafundisha wanafunzi wetu haistahili kuendelea kufundishwa. Fundisho la pingu kumi linaijua dhambi iliyo chini ya matendo, linaikataa imani katika ibada tupu, linamtetea Sarakani mbele ya wanung'unikaji, na linayafuatilia majivuno mpaka kwenye harufu yake ya mwisho. Tunachokikosa humo si bidii wala unyofu. Tunamkosa Yeye ambaye mtoto mchanga alizaliwa bila kumtumaini, na ambaye jina lake mgonjwa aweza kuliita wakati hana nguvu ya kushika fimbo na kwenda mwenyewe.

Tunapendekeza basi kwamba wenzetu wanaofundisha somo hili waiweke habari ya Khemaka mikononi mwa wanafunzi, waisome pamoja nao taratibu, na kabla ya kuuliza "Amekosea wapi?" waulize kwanza "Ameona nini?" Kisha wawapeleke kwenye kitanda cha mgonjwa wa usharika wao wenyewe, wakasome naye Mathayo 11. Bwana atupe neema ya kuwa wakweli juu ya majirani zetu, na waaminifu kwa Injili tuliyokabidhiwa.